Joto la mwezi kutoka kituo cha hali ya hewa: kusoma, kukokotoa na kurekebisha bila kuharibu kumbukumbu

Mstari mmoja wa jedwali unaosema "Machi, wastani wa kiwango cha juu 31.5" umebeba masomo 31 ya asubuhi, yaani kipimajoto kimesomwa mara 31, kipimajoto kimoja, kibanda kimoja na mtu aliyeinamisha jicho mbele ya mrija wa kioo kila siku. Kosa likiingia popote katika safari hiyo, halionekani tena kwenye mstari. Linajificha hadi miaka 20 baadaye, mtafiti anapochora mstari wa mwelekeo na kudai mji umepata joto au umepoa, kumbe kituo ndicho kilichohama.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia kituo kidogo, kiwe cha shule, cha shamba la chai, cha chuo cha kilimo au cha mradi wa maji, na wa yule aliyeachiwa mafaili ya zamani akaambiwa "tutengenezee takwimu". Msimamo wetu ni mmoja: takwimu hurekebishwa kwa historia ya kituo kwanza, hesabu hufuata. Asiye na historia anaweza kukokotoa apendavyo, atakachopata ni makisio.

Daftari la historia ya kituo

Anza na daftari hili kabla hata ya kununua kipimajoto. Si lile la masomo ya kila siku. Ni daftari gumu la pili linaloandikwa mara chache lakini haliachi jambo. Ukurasa wa kwanza uwe na latitudo na longitudo hadi desimali ya nne, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe ya kuanza, saa ya kusoma, na namba ya kila kipimajoto pamoja na cheti chake cha usahihi. Baada ya hapo, andika kila badiliko siku lilipotokea:

"14/8: mwembe wa upande wa mashariki umekatwa, ulikuwa mita 12 kutoka kibandani. 2/11: kibanda kimepakwa rangi upya. 9/1: kipimajoto cha kiwango cha chini kimevunjika, kipya kimewekwa 11/1 saa 3 asubuhi. 20/3: uani pamemwagwa zege, mita 6 kutoka kibandani."

Kila mwaka, piga picha nne ukiwa umesimama kibandani, ukitazama kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Simu inatosha. Picha hizo zitakuja kukuambia mambo ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaandika.

Kibanda na mahali pake

Kibanda cha kawaida ni cha mbao, cheupe ndani na nje, chenye kuta za vibao vya kulala vilivyopangwa safu mbili ili hewa ipite na jua lisipite. Mhandisi wa Uskoti Thomas Stevenson ndiye aliyebuni umbo hili katika karne ya 19, na bado linatumika. Balbu za vipimajoto ziwe kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Chini pawe na nyasi fupi, si zege, si kokoto, si udongo uliofagiliwa ukang'aa. Miti na nyumba vikae mbali, angalau mara mbili ya urefu wake.

Mlango una hila yake kwetu. Vitabu vingi vinataka utazame upande usiopigwa na jua, yaani kaskazini kwa walio kaskazini ya ikweta na kusini kwa walio kusini. Lakini Nairobi au Mwanza jua la adhuhuri liko kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Dawa ni kibanda chenye milango miwili, ufungue ule ulio kivulini kulingana na majira. Kama kina mmoja tu, fungua, soma haraka, funga, na kivuli chako kikinge balbu bila kuzipulizia pumzi.

Rangi nyeupe ikichakaa na kuwa kijivu, kibanda hunyonya jua na kiwango cha juu hupanda polepole, mwaka hadi mwaka. Siku utakayopaka upya, joto "litashuka" ghafla. Paka kila mwaka au kila miaka miwili, na uandike tarehe.

Saa gani?

Hapa Kiswahili chenyewe kina mtego. Fomu za kimataifa hutumia saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele, kwa hiyo somo kuu la asubuhi, 06 UTC, ni saa 3:00 asubuhi. Msomaji akiandika "saa 3" bila neno asubuhi, karani wa kompyuta ataingiza 03:00. Akiandika "06" tu, mwingine ataamini ni saa 12 alfajiri. Kwa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, ambako saa iko 2 mbele ya UTC, 06 UTC ni saa 2 asubuhi. Andika zote mbili kwenye kichwa cha kila fomu: "Saa 3:00 asubuhi (06 UTC)". Sekunde tano hizo zitamwokoa mtu kazi ya wiki.

Saa yenyewe ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Chukua Jumatatu ya joto kali. Msomaji anafika saa 10 jioni, anasoma kiwango cha juu 35.0, kisha anarudisha kipimajoto hadi joto la wakati ule, 34.0. Jumanne mvua inanyesha, joto halivuki 29. Jumanne saa 10 jioni kipimajoto kitaonyesha 34.0, mabaki ya Jumatatu, na Jumanne itaandikwa joto ambalo haikuwa nalo. Siku moja ya joto imehesabiwa mara mbili. Anayesoma alfajiri hupata kinyume chake: baridi ya usiku mmoja huhesabiwa mara mbili. Saa 3 asubuhi mitego yote miwili hupungua sana, kwa kuwa baridi ya alfajiri imeshapita na joto la mchana bado liko mbali. Ukibadilisha saa ya kusoma, hata kwa nia njema, umebadilisha kituo. Daftarini, tarehe.

Tena, kiwango cha juu kinachosomwa saa 3 asubuhi ni cha jana mchana, na kiwango cha chini ni cha leo alfajiri. Kwa vituo vinavyosoma mara moja kwa siku, tunashauri kiwango cha juu kiandikwe kwenye tarehe ya jana. Hivyo fomu ya Mei haifungwi tarehe 31. Inasubiri somo la asubuhi ya tarehe 1 Juni. Kama kituo chako kimezoea kuandika kwenye tarehe ya kusoma, endelea, ila useme hivyo daftarini, na usichanganye tabia mbili ndani ya faili moja.

Kusoma

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu.

1. Fungua mlango, soma kipimajoto kikavu (kile cha kawaida kinachoonyesha joto la hewa la wakati huo) kwanza kabla joto la mwili wako halijakifikia. Anza na desimali, ndipo nyuzi kamili: desimali ndiyo inayokimbia.
2. Jicho liwe usawa mmoja na ncha ya zebaki. Ukitazama kutoka juu au chini unaweza kukosea kwa nusu nyuzi bila kujua.
3. Kiwango cha juu: inua polepole upande usio na balbu hadi zebaki iguse ile shingo nyembamba karibu na balbu, soma ncha ya mbali.
4. Kiwango cha chini: ndani ya spiriti kuna kijiti cheusi. Soma ncha ya kijiti iliyo mbali na balbu, si ncha ya spiriti.
5. Andika zote tatu, kwa kalamu, kisha zitazame tena mrijani. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na uandike juu yake. Usifute.
6. Rudisha vipimajoto. Cha juu shika imara, balbu nje, kikung'ute kwa mkono ulionyooka hadi zebaki irudi. Cha chini inamisha balbu ikiwa juu hadi kijiti kiteleze na kugusa ncha ya spiriti.
7. Soma vyote viwili tena mara tu baada ya kuvirudisha. Vinatakiwa kukubaliana na kipimajoto kikavu, tofauti isizidi takriban nyuzi 0.5.

Hatua ya saba ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayokamata ugonjwa mapema. Iwekee safu yake kwenye fomu: "baada ya kurudisha".

Kosa la jicho lina sura inayojulikana. Aliyeona 20.4 badala ya 25.4 amekosa kwa nyuzi 5 kamili, aliyeona 31.8 badala ya 21.8 amekosa kwa 10. Na ukihesabu desimali za mwezi mzima ukakuta .0 na .5 zimejaa kupita kiasi, msomaji anakadiria, hasomi. Mwenye kulaumiwa mara nyingi ni miwani, au kibanda kirefu kisicho na kigoda cha kupandia.

Vipimajoto vinapougua

Kipimajoto cha spiriti ndicho mgonjwa wa kudumu. Jua na joto huivukisha spiriti kidogo kidogo, ikaganda matone kwenye ncha ya juu ya mrija. Spiriti iliyobaki ni fupi, kwa hiyo kiwango cha chini husomeka pungufu: nyuzi 1, 2, hata 3 bila kelele yoyote. Dalili ni hatua ya saba, kipimajoto kilichorudishwa kinasema 22.6 na kikavu kinasema 24.1. Tazama mwisho wa mrija utaona tone. Shika kipimajoto wima, balbu chini, kigonge taratibu kwenye kiganja hadi tone liungane na safu, kisha kiache kimesimama hivyo kwa saa moja hivi spiriti yote iteremke. Masomo ya siku zilizopita yasiyo na hatua ya saba huwezi kujua yameharibika tangu lini, na utalazimika kuyawekea alama ya shaka.

Kijiti nacho husogea kibanda kikitikiswa. Mlango uliobamizwa au mtoto aliyepanda nguzo anatosha. Cha juu huugua kinyume: shingo ikilegea, zebaki hurudi balbuni joto linaposhuka, na kiwango cha juu husomeka karibu sawa na joto la asubuhi.

Kupima usahihi nyumbani inawezekana. Ponda barafu ya maji safi, ijaze kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, ongeza maji safi baridi hadi iwe uji mzito, tumbukiza balbu na usubiri dakika 15 ukikoroga mara kwa mara. Kipimajoto kinatakiwa kusema 0.0. Kikisema 0.3, una sahihisho la -0.3 karibu na sifuri, na ishara kwamba kinahitaji kupelekwa kupimwa kwenye nyuzi za juu pia. Balbu za kioo husinyaa polepole kwa miaka, ndiyo maana vipimajoto vya zamani huelekea kusoma juu zaidi.

Kwa vihisi vya umeme, kile cha kawaida kina omu 100 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye nyuzi 0 na huongezeka takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Kikiunganishwa kwa nyaya mbili tu, waya mrefu wenye omu 0.4 unaongeza nyuzi 1 ya uongo. Tumia muunganisho wa nyaya nne. Fungua sahani nyeupe za kinga, zile zinazokikinga kihisi na jua, kila mwezi. Nyigu wa udongo na buibui wanazipenda, na kinga iliyoziba haipumui, kwa hiyo mchana husoma juu.

Zebaki ikimwagika usiifagie wala usiiguse kwa mikono mitupu: funga eneo, pitisha hewa, kusanya matone kwa kadi ngumu na uyatie chupani yenye kifuniko. Mkataba wa Minamata uliopitishwa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kufanyia biashara ya nje vipimajoto vya zebaki vya kawaida, ndiyo sababu vituo vingi vinahamia kwenye vihisi. Hamia, lakini usitupe cha zamani siku hiyohiyo. Vyote viwili visomwe sambamba angalau mwaka mmoja, bora miwili. Huu ndio ushauri wenye thamani kubwa kuliko wote humu: vituo vyote vya eneo vikibadilishwa vifaa mwaka mmoja, hakuna kituo jirani kitakachokuonyesha ufa, yaani mruko wa takwimu unaotokana na kituo wala si anga.

Kutoka siku hadi mwezi

Kokotoa wastani wa kiwango cha juu na wa kiwango cha chini kila kimoja peke yake. Wastani wa joto la mwezi ni jumla ya hivyo viwili ukigawa kwa 2. Kituo chenye kihisi kinaweza pia kutoa wastani wa masomo ya saa zote 24, na huo huwa tofauti, wakati mwingine kwa nusu nyuzi au zaidi, kwa sababu mchana na usiku havina umbo sawa. Usiunganishe miaka ya njia moja na miaka ya njia nyingine.

Gawanya kwa siku zilizosomwa. Machi yenye masomo 28 na jumla ya 882.7 inatoa 882.7 ÷ 28 = 31.5. Ukigawa kwa 31 unapata 28.5, umepoza mwezi kwa nyuzi 3 kwa kugawa vibaya. Lahajedwali litafanya kosa hilohilo likikuta 0 mahali pa nafasi tupu. Na kama aliyetangulia aliweka -99.9 kuonyesha siku zisizosomwa, siku tatu tu zitauteremsha wastani hadi 18.8. Kosa la namna hii angalau linapiga kelele. La sifuri moja, ambalo hupunguza nyuzi 1 hivi, hupita kimya. Chunguza pia koma: kompyuta iliyopangwa kwa nukta huifanya "31,5" kuwa maandishi na kuiruka bila kukuambia.

Siku ngapi zikikosekana mwezi hautolewi? Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) wa 2017 unasema wastani wa mwezi usikokotolewe kama zimekosekana siku 11 au zaidi, au siku 5 mfululizo au zaidi. Kanuni ya zamani ilikuwa kali kuliko hiyo: si zaidi ya siku 5 kwa jumla, wala zaidi ya 3 mfululizo. Sisi tungependa ile kali kwa miezi ya mpito, kama Machi mvua za masika zinapoingia au Oktoba kuelekea vuli, kwa kuwa wiki ya kwanza na ya mwisho ya mwezi huo ni kama miezi miwili. Vyovyote, andika idadi ya siku kando ya kila wastani. Hifadhi desimali mbili kwenye faili, chapisha moja.

Kabla ya kufunga mwezi pitisha chujio hizi: kiwango cha chini kisizidi cha juu, somo lolote la kipimajoto kikavu lisivuke kiwango cha juu cha siku ile wala kushuka chini ya kiwango cha chini, siku mbili mfululizo zisitofautiane kupita kawaida ya kituo bila mvua, mawingu au upepo kueleza, thamani ileile isijirudie siku nne. Kinachonaswa usikifute. Rudi kwenye fomu ya karatasi, na kama karatasi yenyewe ina shaka, weka alama.

Kutafuta ufa

Sasa una miaka ya miezi safi. Swali ni kama yote yametoka kwenye kituo "kilekile". Kuhama kunatosha kubadilisha joto bila tabianchi kubadilika. Dagoretti Corner, Nairobi, iko karibu mita 1,798 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta karibu mita 1,624. Kwa kushuka nyuzi 6.5 kila mita 1,000, mita hizo 174 pekee ni nyuzi 1.1 ndani ya jiji moja. Usitumie kanuni hiyo ya mwinuko kurekebishia, maana bonde, upepo na mji huipindisha. Itumie kujua ukubwa unaotarajia.

Kituo peke yake hakiwezi kukuambia kama badiliko ni lake au la anga. Unahitaji majirani. Chagua watatu hadi watano walio kwenye hali ya hewa moja na wewe, si mkoa mmoja tu. Tanga haiwi jirani wa Lushoto, hata kama ziko mkoa mmoja: moja inapata upepo wa bahari, nyingine iko juu ya Usambara. Kipimo kizuri ni uwiano wa mienendo yao ya mwezi hadi mwezi baada ya kuondoa msimu, ambapo 1 ni kwenda pamoja kabisa. Chini ya 0.8 tafuta mwingine, ingawa kwa uchache wa vituo vyetu mara nyingine utalazimika kuridhika na 0.7.

Geuza kila kituo kuwa tofauti na wastani wake chenyewe wa kipindi cha pamoja, fanya wastani wa majirani, kisha toa: kituo chako kasoro majirani. Anga inajifuta, kinachobaki ni kituo. Chora mchoro kwa macho kabla ya hesabu yoyote. Ngazi inayoshuka au kupanda ghafla ni kuhama, kifaa au saa. Mteremko wa polepole ni mji unaokua, miti inayofunga au rangi inayochakaa.

Tuchukue tarakimu za mfano. Kituo cha shule, 2001 hadi 2020, kilichohama Januari 2013 kutoka uani kati ya kuta za matofali na mabati hadi uwanja wa nyasi. Tofauti na majirani: miaka 12 ya kwanza wastani +0.30, miaka 8 ya mwisho -0.45. Mtawanyiko sanifu (kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuzunguka wastani) wa miaka yote ni 0.44.

Jaribio linalotumika sana ni lile la Hans Alexandersson wa Sweden, la 1986. Kila wastani gawa kwa mtawanyiko, zidisha kwa wenyewe, kisha kwa idadi ya miaka, halafu jumlisha: 12 × (0.30 ÷ 0.44)² + 8 × (0.45 ÷ 0.44)² = 5.6 + 8.4, yaani takriban 14. Rudia kwa kila mwaka unaoweza kuwa wa ufa. Penye jawabu kubwa kuliko yote ndipo mshukiwa. Kwa miaka 20 kikomo cha asilimia 95, ambacho kituo kisicho na ufa hukivuka kwa bahati mara 5 tu kati ya 100, ni 6.95, kwa 30 ni 7.65, kwa 50 ni 8.45. Kumi na nne inapita kwa mbali. Na sasa fungua daftari: "Januari 2013, kibanda kimehamishwa." Hesabu na historia zimekutana mahali pamoja. Zisipokutana, na jibu limevuka kikomo kidogo tu, sisi haturekebishi. Tunaweka alama na kuendelea kuuliza: mlinzi wa zamani, mwalimu mstaafu, picha za mahafali zenye kibanda nyuma.

Kurekebisha

Marekebisho ni wastani wa baada kasoro wa kabla: -0.45 - 0.30 = -0.75. Yanawekwa kwenye miaka ya zamani ili ifanane na kituo cha sasa, kwa kuwa masomo mapya yataendelea kuingia bila kuguswa. Mtawanyiko ndani ya kila kipindi ukiwa 0.24, kosa la makadirio ni 0.24 × √(1/12 + 1/8), karibu 0.11. Sema -0.75, ongeza au punguza 0.22, yaani mara mbili ya kosa hilo. Asiyetaja hiyo ya pili anajidai kujua zaidi ya anavyojua.

Usiishie kwenye wastani. Fanya upya kwa kiwango cha juu na cha chini, kila kimoja peke yake. Katika mfano huu cha juu kinatoa -0.39 na cha chini -1.11. Inaeleweka: kuta za matofali zilikuwa zikiachia usiku joto la mchana kucha. Kisha gawa kwa miezi:

Kiwango cha chini: Januari -0.9, Februari -0.9, Machi -1.0, Aprili -1.0, Mei -1.1, Juni -1.3, Julai -1.4, Agosti -1.3, Septemba -1.2, Oktoba -1.1, Novemba -1.1, Desemba -1.0.

Miezi ya kipupwe, yenye usiku mkavu usio na mawingu, ina marekebisho makubwa, maana uwanja wa wazi hupoa haraka na ua wa matofali haupoi. Mfuatano laini kama huu unaaminika. Ukipata Mei -0.2, Juni -1.9, Julai -0.4, hizo ni kelele za miaka michache; fanya wastani wa miezi mitatu mitatu, au tumia marekebisho ya mwaka kwa miezi yote.

Julai 2006 yenye kiwango cha chini 18.6 sasa inakuwa 17.2, Januari 2006 yenye 22.3 inakuwa 21.4. Rudia jaribio kwa mfululizo uliorekebishwa. Jibu likishuka chini ya 6.95, umemaliza ufa huo. Likibaki juu mahali pengine, kuna ufa wa pili, na unaanza tena kuanzia kwenye data ghafi, ukiweka nyufa zote mbili kwa pamoja.

Mteremko wa mji unaokua ni suala jingine. Wakazi wa mji kweli wanaishi kwenye joto hilo. Anayepanga mifereji au umeme wa mji analihitaji. Anayepima tabianchi ya ukanda analitaka litolewe. Toa faili mbili zenye majina tofauti, usimwamulie msomaji.

Vituo vikiwa vingi, mkono hautoshi. Climsoft ni programu ya bure ya kuhifadhi data za hali ya hewa, na Climatol na RHtests, zinazoendeshwa ndani ya R (programu ya bure ya takwimu), hufanya majaribio na marekebisho. Zinahitaji jicho: Climatol hujaza pia mapengo, na thamani iliyojazwa isiruhusiwe kuonekana kama iliyosomwa.

Faili la mwisho liwe na safu hizi: kituo, mwaka, mwezi, thamani ghafi, siku zilizosomwa, marekebisho, thamani iliyorekebishwa, alama, toleo. Alama nne zinatosha: S kwa iliyosomwa, R kwa iliyorekebishwa, K kwa iliyokadiriwa kutoka kwa majirani, na ? kwa yenye shaka. Safu ya ghafi ifungwe isiandikike. Jirani mmoja akitangaza kwamba naye alihama mwaka 2009, marekebisho yako yote yanakokotolewa upya kutoka safu hiyo, toleo la 1 linakuwa la 2, na faili la toleo la 1 linabaki pale lilipo, kwa sababu kuna mtu ameshalitumia.